Nyangumi wawili katika wavu wa Petro

Mwaka 1420, majeshi ya vita vya msalaba yalipokuwa yakiikaribia Prague kuwaangamiza wafuasi wa Jan Hus, mhubiri aliyetaka Kanisa lirekebishwe, wasomi wa mji ule walibishana kama Mkristo anaruhusiwa kushika silaha kuitetea imani. Wengi waliruhusu. Petr Chelčický, mlei kutoka kijiji cha Chelčice kusini mwa Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), alimtaka mwanateolojia Jakoubek amwonyeshe andiko. Kwa maelezo ya Chelčický, Jakoubek alikiri hana, ila maneno ya watakatifu wa kale.

Miaka kama 20 baadaye Chelčický aliandika kitabu, Wavu wa Imani. Kanisa, alisema, ni wavu wa Petro mvuvi. Nyangumi wawili, Papa na Kaisari, walijitosa humo wakauchanachana hata karibu usionekane tena. Kwake kosa lilianza Kanisa lilipopokea mali na ulinzi wa Konstantino, Kaisari wa Roma. Tangu hapo padri akawa na sababu ya kubariki upanga, na mkulima akaambiwa Mungu ndiye aliyempangia kuwalisha wanaosali na wanaopigana. Huyu mtu alichukia vita, lakini alichukia pia ule unyonyaji uliovigharimia. Na alishuhudia ukweli wa hofu yake: tarehe 30 Mei 1434, huko Lipany, Wahus waliwachinja Wahus wenzao.

Hata hivyo, mweke mbele ya Bucha, mji wa Ukraine uliovamiwa na Urusi mwaka 2022, miili ya raia imelala barabarani. Kumwambia jirani yao asishike bunduki ni neno zito, na mimi siwezi kulitamka. Chelčický mwenyewe alikubali kwamba dola inahitajika kuwazuia waovu, ila Mkristo wa kweli asishiriki. Maana yake Mkristo huyo analala salama kwa sababu mwingine anakesha na silaha, kisha anamhesabu mlinzi wake kuwa yu nje ya njia ya Kristo. Hapo hoja yake inanipwaya.

Hata warithi wake waliona ugumu huo. Umoja wa Ndugu, kanisa lililoanza Kunvald huko Bohemia mwaka 1457 ukiwa umejaa mafundisho yake, ulilegeza msimamo kabla karne haijaisha, ukawaruhusu waumini kushika vyeo vya serikali. Kutoka ukoo huo wa kiroho ndiko walikotoka wamisionari Wamoravia waliofika Rungwe, katika Tanzania ya leo, mwaka 1891.

Lakini kulegeza hakukumaliza swali lake kwa Kanisa. Septemba 2022, Patriaki Kirill wa Moscow, mkuu wa Kanisa la Orthodoksi la Urusi, alihubiri kwamba askari akifa akitimiza wajibu wake vitani, kafara hiyo inamwosha dhambi zote. Mtu anayeilinda nyumba yake Ukraine namwelewa, na simwombei hukumu. Kiongozi wa dini anayemtuma kijana wa watu kuivamia nyumba hiyo, akimwahidi mbingu, ndiye nyangumi yuleyule aliyeelezwa Bohemia miaka karibu 600 iliyopita, na ni wajibu wa Wakristo wenzake kumdai andiko, tena hadharani.