Kuizunguka Ireland kwa basi la watalii: faida, hasara na suala la muda

Watu wetu wanaoishi Uingereza hupenda kuwatembeza wazazi wakija kuwasalimia, na Ireland ipo jirani. Kampuni za utalii zinauza safari za wiki moja hivi kwa basi kubwa: hoteli, kifungua kinywa, tiketi za vivutio na kiongozi wa msafara, vyote ndani ya bei moja. Wasiozipenda husema huko ni kuswagwa kama mbuzi. Wanaozitetea husema bila basi hilo mzee wa miaka 70 hatafika popote. Kila upande una hoja, lakini wote wanabishana kuhusu chombo cha kusafiria, wakati kinachoamua uzuri au ubaya wa safari hizi ni ratiba na mtu aliyeshika kipaza sauti mbele.

Nianze na utetezi, maana una uzito. Mandhari ambayo wengi huifuata Ireland iko magharibi: Kerry, Clare, Connemara, Mayo, Donegal. Treni itakufikisha Killarney, Galway au Westport, zaidi ya hapo haikusaidii. Kinachobaki ni barabara nyembamba zenye kuta za mawe au vichaka kila upande. Mkenya au Mtanzania ana nafuu moja, kwamba kule nako huendeshwa kushoto. Hata hivyo, kampuni nyingi za kukodisha magari huweka ukomo wa umri, na dereva mgeni huyaona mandhari kwa kuibia tu kati ya kona na kona. Kwenye msafara, sanduku unaliacha mlangoni mwa chumba asubuhi, jioni unalikuta hoteli nyingine. Kwa mama mwenye magoti mabovu hiyo ndiyo tofauti ya kusafiri na kubaki nyumbani.

Wenyeji nao wana la kushukuru. Ring of Kerry ni mzunguko wa kilomita 179 kwenye rasi ya Iveragh, na kuna sehemu ambapo mabasi mawili makubwa yakikutana hayapishani. Ndiyo maana mabasi huzunguka upande mmoja, yakitoka Killarney kupitia Killorglin, kinyume cha mwendo wa saa. Basi moja la watu 50 ni sawa na magari madogo 20 ambayo hayakuingia kwenye barabara hiyo.

Ila hoja kubwa kuliko zote, kwangu, ni kiongozi wa msafara. Chukua bonde la Doolough, Mayo, kwenye barabara ya kwenda Louisburgh. Anayepita na gari lake ataona ziwa, milima miwili mitatu na kondoo, atapiga picha aendelee. Machi 1849, wakati wa Njaa Kuu, mamia ya watu wasio na chakula walitembea kutoka Louisburgh kupitia bonde hili hadi Delphi Lodge, nyumba ya uwindaji, wakitumaini kukaguliwa na maofisa wa misaada ili wapewe msaada. Waliondoka mikono mitupu, na kurudi kwao kukawa kwa mauti. Ni wangapi walifia njiani, wanahistoria hawajakubaliana. Kando ya barabara umesimama msalaba wa jiwe usio na madoido. Maandishi yake yanawakumbuka maskini wenye njaa waliotembea hapo 1849 na wale wanaotembea leo katika Dunia ya Tatu. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliwahi kuitembea njia hii katika matembezi ya kumbukumbu. Kati ya 1845 na 1852 takriban watu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine kiasi hicho wakahama. Kisiwa kizima hadi leo kina watu wachache kuliko mwaka 1841. Asiyeelezwa hayo ataiona Ireland kuwa nchi ya majani mabichi tu. Kiongozi anayeijua historia yake, aliyepewa nusu saa ya kusimama hapo, ana thamani kuliko hoteli ya nyota tano.

Tatizo ni kwamba nusu saa hiyo mara nyingi hana. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinamtaka dereva wa basi apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida asizidishe saa tisa za kuendesha kwa siku. Ni kanuni nzuri, inaokoa maisha. Lakini kampuni ikishapanga vituo sita kwa siku moja, kila kuchelewa kunakula kituo kinachofuata, na cha kwanza kukatwa ni kile kisicho na duka wala mgahawa. Doolough inabaki sentensi moja kwenye kipaza sauti, basi likiwa mwendoni.

Cliffs of Moher ndipo uchungu wa jambo hili unapoonekana wazi. Majabali hayo yanafika mita 214 juu ya Atlantiki, na wageni wengi huletwa kwa safari ya siku moja kutoka Dublin, upande wa pili wa nchi. Wanapewa saa moja na nusu au mbili, humo humo choo, chai na zawadi za kununua. Basi likiondoka alasiri, malazi na chakula cha jioni vinalipiwa kwingine. Mwenye nyumba ya wageni Doolin, kijiji cha jirani, anabakiwa na msongamano. Mgeni naye anaikosa jioni ya Doolin, wapiga fidla na filimbi wakiwa wameizunguka meza kwenye pub, bila jukwaa. (Asiyekunywa pombe asiogope kuingia, chai inaagizwa bila mtu kushangaa.)

Kuna mahali basi haliwezi kabisa. Skellig Michael, kisiwa cha mwamba walikoishi watawa wa kale, hufikiwa kwa mashua ndogo bahari ikitulia, na wanaoruhusiwa kushuka ni takriban watu 180 kwa siku. Msafara wenye ratiba hauwezi kusubiri mawimbi. Newgrange ni kinyume chake. Kaburi hilo la zaidi ya miaka 5,000, kongwe kuliko piramidi za Giza, kila mtu hufikishwa kwa basi dogo la kituo cha wageni na huingia kwa vikundi vidogo. Hapo anayefaidi ni aliyenunuliwa tiketi mapema, yaani abiria wa msafara.

Sasa suala la viza, maana kampuni haziliweki mbele. Misafara mingi huvuka hadi Giant's Causeway, pwani yenye maelfu ya nguzo za mawe, ambako ni Ireland Kaskazini, sehemu ya Uingereza. Njiani hakuna kizuizi, lakini sheria ipo. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Ireland na viza ya Uingereza; ile ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya bara, haifai kokote kati ya hizo mbili. Mzazi aliyekuja London kwa viza ya Uingereza asikatiwe tiketi ya Dublin kabla ya hilo kushughulikiwa.

Kwa wazazi ningechagua basi, ila ningeusoma mpango kwa kutafuta kitu kimoja: unalala mji mmoja usiku mingapi mfululizo. Usiku mitatu Killarney na mitatu Galway ni safari. Hoteli mpya kila siku, huku orodha ya vivutio ikijaza ukurasa mzima, ni kuchosha wazee kwa pesa yako. Na kampuni zingetutendea haki kama zingeandika kwenye vipeperushi, mbele ya kila kituo, dakika ambazo mgeni atakuwa ameshuka chini.