Gwaride liwe la hiari

Makala imeeleza vizuri jinsi JROTC, programu ya mafunzo ya uongozi na uraia yenye mtindo wa kijeshi katika shule za sekondari za Marekani, inavyowajengea vijana nidhamu, ila imelipita haraka mno suala la hiari. Programu hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1916, wakufunzi wake wengi ni wanajeshi wastaafu, na mwanafunzi anayeimaliza halazimiki kujiunga na jeshi. Manufaa yake siyakatai. Mkufunzi anapopita mbele ya mstari akikagua mkunjo wa suruali na mng'aro wa viatu, kisha kijana wa miaka 15, ambaye darasani sauti haimtoki, akawaamuru wenzake wageuke nyuma nao wakageuka kwa pamoja, hapo kuna kitu ambacho kitabu cha uraia hakiwezi kumpa.

Lakini huko Chicago imethibitika kwamba baadhi ya shule zilikuwa zikiwaandikisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza moja kwa moja, bila wao kuchagua, na nyingi ya shule hizo ni za watoto Weusi na Walatino kutoka familia zenye kipato kidogo. Uraia gani huo unaoanza kwa kumnyima kijana sauti? Naomba kila shule yenye programu hii itoe fomu inayosainiwa na mzazi pamoja na mwanafunzi mwenyewe, na iwe na somo jingine la kweli kwa asiyetaka kuvaa sare.