Jina la Kizungu si ushahidi wa damu ya Kizungu

Makala yenu ya kutafuta asili ya babu mmoja wa Frere Town, hapa Kisauni, Mombasa, ni nzuri, ila hapo mnaposema huenda alizaliwa na Mwingereza kwa vile ana jina la Kiingereza, nakataa. Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza) mwaka 1875 ili kupokea watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mtu alifika na jina la kwao, akabatizwa, akatoka kanisani na jina la Kizungu. Sisi wa Kisauni tumekua na majirani wenye majina hayo, na hakuna aliyekuwa na babu wa London!

Na hilo neno "Mnyasa" aliloandikiwa babu kwenye kitabu cha kanisa msilichukue kama kabila. Aliyepitishwa Kilwa kutoka pande za Ziwa Nyasa angeweza kuwa Myao, Mchewa au mwingine kabisa, na wengi walitekwa wakiwa watoto wadogo. Isitoshe, wapo Waafrika waliookolewa utumwani walioletwa kutoka India, wale waliosomeshwa na wamisionari huko Nasik, kwa hiyo ulizeni kwanza babu alifika kwa njia ipi.

Kumbukumbu za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Msitafute jina la babu peke yake. Tazameni alioa nani na nani walisimamia ubatizo wa watoto wake. Mara nyingi watu walishikamana na wenzao waliofika nao. Na Rabai, kituo kingine cha CMS karibu na Mombasa, nako mmepita? Baadhi ya familia hizi zina ndugu huko mpaka leo.