Nyumba ya udongo nayo ni urithi: kuhusu siku za jamii pale Kijiji cha Makumbusho

Kila ikitangazwa siku ya jamii fulani, yaani siku ambayo kabila moja linakuja kuonyesha utamaduni wake, pale Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, Dar es Salaam, maneno yanakuwa yale yale. Kuna wanaosema huo ni ukabila unaingizwa mjini kwa jina la utamaduni, kuna wanaosema ni ngoma na pilau tu halafu kila mtu anarudi kwake, na kuna kundi la tatu, ambalo ndilo nalichukulia kwa uzito zaidi, linalosema hela na nguvu hiyo ingeenda kwenye vitu vinavyobaki: kuokoa majengo ya zamani ya katikati ya mji, kutunza mikusanyo ya Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, kuandaa maonyesho ambayo mtoto wa shule akija mwezi wowote anayakuta.

Hao wa tatu wana ukweli mwingi, tusiwapuuze. Pita Posta, pita Samora, kwa mtu aliyeijua mitaa ile miaka ishirini iliyopita ni maumivu, majengo yamevunjwa yakapanda maghorofa ya vioo na jengo likishavunjwa ndo basi. Boma la Kale pale Sokoine Drive, alilojenga Sultan Majid wa Zanzibar miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wake, lipo mpaka leo kwa sababu kuna watu walilipigania, na ndani yake yamewekwa maonyesho ya historia ya ujenzi wa jiji hili, unaingia unaona mji ulivyokua tangu bandari ya Majid mpaka Wajerumani walivyohamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kazi ya namna hiyo inakaa. Tamasha linaisha jioni, viti vinakunjwa, mgeni rasmi aliyechelewa kuja kashaondoka, na mara nyingi hakuna hata aliyerekodi nyimbo vizuri au kuandika mzee fulani alisema nini. Hilo silipingi hata kidogo.

Ninachopinga ni kile kipimo chenyewe, kwamba urithi wa maana ni ule uliosimama. Angalia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Jengo linalolindwa moja kwa moja ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863, la baada ya hapo mpaka litangazwe rasmi. Huo mwaka 1863 nimeufikiria sana. Niambie, ni nyumba gani ya Mzaramo ya mwaka 1862 ambayo ungeikuta imesimama leo? Nguzo za miti, fito zimefungwa kwa kamba, katikati udongo, juu makuti. Mchwa wanaanza na nguzo kule chini, masika inakula ukuta, makuti baada ya miaka michache yanavuja, mwenye nyumba anajenga nyingine pembeni na maisha yanaendelea. Hakukuwa na uzembe hapo, ndivyo nyumba ile ilivyotakiwa kuishi. Sasa ukiweka umri wa jengo kuwa ndio mlango wa kuingilia kwenye historia, wanaopita ni waliojenga kwa matumbawe na chokaa. Mzizima, kijiji cha wavuvi kilichokuwepo hapa kabla Majid hajaja, hakijatuachia ukuta wala paa, ndo maana kwenye maelezo mengi ya jiji hili kinapewa sentensi moja halafu tunarukia kwa Sultan, kisha Mjerumani, kisha Mwingereza. Na wenyewe Wazaramo wapo, jiji limepanuka juu ya mashamba yao na makaburi ya wazee wao, ila ukitafuta mahali ambapo wanasimama wao na kusema wao ni nani, utazunguka sana.

Ndo hapo Kijiji cha Makumbusho kinapokuwa kitu tofauti, na nadhani hatukielewi. Maelfu ya watu wanashuka kila siku kwenye ile stendi ya daladala iliyobeba jina lake na hawajawahi kuingia. Mle ndani kuna nyumba za jamii mbalimbali za nchi hii, zimejengwa kwa vifaa vile vile vinavyooza. Chukua tembe la Wagogo. Ni nyumba fupi, paa lake ni bapa, limewekwa udongo juu ya miti, na kwa Dodoma ni ujenzi wa akili sana maana kule mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, jua kali mchana, baridi usiku, na miti mirefu hakuna ya kuchezea. Sasa lete tembe hilo hilo Kijitonyama ambako mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka na sehemu kubwa inashuka kwenye masika. Udongo wa juu unanywa maji, unakuwa mzito, miti inaoza. Au msonge wa Wahaya, umeezekwa nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, kila tabaka linalala juu ya lenzake ili maji yateleze. Hizo nyasi zinachakaa, huwezi kuzipaka dawa ukazifungia kwenye kabati la kioo.

Yaani nyumba hizi zinatunzwa kwa kujengwa upya, na kujenga upya kunataka mtu anayejua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Kati ya hao wote, wangapi wanaweza kuezeka msonge usivuje? Mwenye ujuzi huo ni mzee wa Kagera, na anayejua mti gani mchwa hawaupendi haraka ni mzee wa Dodoma au Kisarawe, na watu hawa hawaajiriwi na taasisi yoyote, wanapatikana pale jamii yenyewe ikialikwa ikaja na watu wake. Siku ya jamii ikifanywa vizuri ndo njia ya kuwapata. Ikifa, tutabaki na nyumba zinazoanguka na vibao vinavyosema hapa palikuwa na nyumba ya fulani.

Nimewahi kumwangalia mama mmoja wa Kizaramo kwenye siku kama hizo, amekaa pembeni mbali na spika, anasuka ukili. Hotuba zinaendelea jukwaani, yeye kazungukwa na mabinti wa mjini. Binti mmoja alidhani mkeka unasukwa mzima mzima, mama akamwonyesha kwamba kwanza unasuka utepe mrefu, halafu ndo unaushona kwa kuuzungusha, na pale pembeni jani linakunjwa hivi ili lisichomoke. Mkono wa yule binti ulikosea, ukarudia, ukakosea tena. Mkeka uliomalizika upo makumbusho nyingi, umetundikwa ukutani vizuri tu, lakini ukiuangalia mwaka mzima hautakufundisha lile kunjo la pembeni.

Kuhusu ukabila, naelewa hofu. Nchi hii ilijengwa kwa kukataa mambo hayo na tukiangalia majirani tunaona thamani yake. Lakini sisi ndo watu wa utani, Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana mpaka msibani, na utani huo unahusishwa na misafara ya biashara ya zamani kati ya pwani na bara. Huwezi kuwa mtani wa mtu usiyejua ametoka wapi. Hatari ninayoiona mimi ni siku ya jamii ikigeuzwa jukwaa la mwanasiasa kutafuta kura za kwao, na hapo wakosoaji wako sahihi, wakaze.

Halafu tusiseme matukio hayana matokeo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji pale Songea, na watu wa Songea wamekuwa wakikumbuka siku hiyo kila mwaka, kwenye makaburi na makumbusho yao. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale, akaomba msamaha, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa walionyongwa, ambao bado unadai kichwa cha babu yao kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Makumbusho ilihifadhi majina, sawa, ila waliodai ni ndugu ambao hawajaacha kukusanyika.

Kwa hiyo wanaotaka hela iende kwenye vitu vinavyobaki nawaambia tukae meza moja. Jukwaa lipunguzwe, mahema yapunguzwe, nauli ya mafundi kutoka mikoani itangulie, na siku ya ngoma itanguliwe na wiki ya kazi ambayo vijana wa hapa mjini wanabeba udongo na kufunga fito chini ya hao wazee. Kila kitu kirekodiwe na nakala ibaki makumbusho. Na kwenye kibao cha nyumba liandikwe jina la fundi aliyeijenga na mwaka alioijenga, kama tunavyoandika jina la Majid kwenye Boma.