Nani kawaambia kengele hizi ni za "dunia"?

Juzi usiku programu ya muziki kwenye simu yangu imenitibua. Nilikuwa nasikiliza Piirpauke, bendi ya Ufini, ile albamu yao ya kwanza ya 1975, na ilipoisha mashine ikajiamulia yenyewe kinachofuata: taarabu ya Bi Kidude. Kisha gamelani ya Bali. Kisha bwana mmoja anapuliza zumari, sijui wa wapi. Kumbe wote ni ndugu wa tumbo moja! Nikafungua maelezo, nikakuta kibandiko: Muziki wa Dunia.

Dunia ipi? Na hao wengine wanapigia wapi, mwezini?

Kapu lenyewe tunajua lilikosukwa. Mwaka 1987 wenye lebo ndogo ndogo walikutana kwenye baa moja huko Islington, London, wakakubaliana jina la rafu ya santuri ambazo maduka yalikuwa hayajui pa kuziweka. Haya, nakubali, jina liliuza. Wapo wanamuziki wa huku kwetu waliopata riziki kupitia rafu hiyo, na mimi mwenyewe nimenunua humo. Ila Piirpauke ilianza 1974. Miaka kumi na mitatu kabla ya hiyo baa.

Mwanzilishi wake ni Sakari Kukko, mzaliwa wa Kajaani, mji ule ule ambako Elias Lönnrot alikuwa daktari alipotoa Kalevala, kile kitabu cha tenzi za Wafini, mwaka 1835, baada ya kuzunguka vijijini akiandika tenzi za wazee. (Kukko kwa Kifini ni jogoo. Sisi na kuku wetu hatuko mbali.) Yeye ana saksafoni, filimbi na kinanda, Hasse Walli gitaa, Antti Hytti besi, Jukka Wasama ngoma. Na jina la bendi, Piirpauke, ni neno la Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi, lenye maana ya makelele. Vijana walijijua.

Kila anayeielezea albamu hii hukimbilia neno moja, "mchanganyiko". Jazi kidogo, roki kidogo, muziki wa kijijini kidogo, nyunyizia na ule wa ukumbini, koroga. Kama vile ni urojo. Sina ugomvi na urojo, lakini hata urojo una mchuzi wake. Bajia na kachori ni wageni, wanaingia humo na kulowa. Ukiwasikiliza Piirpauke vizuri unamsikia mwenye nyumba. Jazi imebisha hodi, ikakaribishwa, ikaonyeshwa pa kukaa.

Chukua Konevitsan kirkonkellot, yaani kengele za kanisa la Konevitsa. Tuni yenyewe ni ya jadi, ya kantele, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani na kudonolewa kwa vidole, ambacho zamani kilikuwa na nyuzi tano tu. Mpigaji alikuwa anaiga kengele za monasteri. Ni tuni fupi, inajizungusha, inarudi pale pale, na Piirpauke hawakuihangaisha kwa ufundi wa kujionyesha. Wameiacha izunguke huku uzito ukipanda nyuma yake, mpaka unasahau kama hili lilikuwa gitaa la umeme au shaba inayogongwa.

Sasa kengele zenyewe ziko wapi? Monasteri ya Konevitsa imekaa kisiwani, ndani ya ziwa Ladoga, tangu miaka ya 1390. Ikaja vita ya majira ya baridi ya 1939 na 1940, Ufini na Usovieti, mpaka wa nchi ukasogezwa, watawa wakahamia upande uliobaki Ufini. Watu wapatao 400,000 walipoteza makwao Karelia. Leo kisiwa kile kiko Urusi. Kwa hiyo mwaka 1975, vijana wanne wenye nywele ndefu walipopiga tuni hiyo, Ufini ilikuwa imejaa watu wazima waliozaliwa ng'ambo ile, wanaokumbuka mlango wa nyumba wasioweza kuurudia. Hao unawawekea kibandiko cha "ladha za ulimwengu"? Huo ni msiba wa watu, bwana. Una matanga yake, una wenyewe.

Bibi yangu, Bagamoyo, alikuwa Mwislamu wa kuswali swala tano, na mchana alipanga mapishi yake kwa kengele ya misheni. Ikilia tu anasema, "Haya, wali umechelewa." Siku moja tukamhamishia Dar kwa matibabu, akakaa wiki mbili analalamika kwamba saa za mjini hazina sauti. Sikuelewa wakati ule. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, nikiwa na masikio ya simu kichwani, nasikiliza Wafini.

Na kuhusu ule muziki wa ukumbini: Sibelius mwenyewe, yule mtunzi mkubwa wa orkestra wa Kifini, alikwenda mji wa Porvoo mwaka 1891 kumsikiliza Larin Paraske, mama wa kijijini aliyekuwa ghala la tenzi. Mwaka uliofuata akatoa Kullervo, utunzi wa orkestra na kwaya uliotoka kwenye Kalevala. Ukuta kati ya ukumbi na kijiji kule haukuwa mrefu hivyo.

Sisemi kila walichogusa Piirpauke ni dhahabu. Zipo albamu zao za baadaye zinazozunguka nchi nyingi mno kwa dakika arobaini, mimi naziruka, nachoka kama nimepanda basi la kila kituo. Ila hata hapo Walli naheshimu, kwa sababu muziki wa Senegal alizama kweli, hakwenda kupiga picha.

Taarabu nayo, na ganuni na fidla na udi wake, Ikhwani Safaa wanaipiga Zanzibar tangu 1905. Hakuna aliyeiita mchanganyiko. Iliitwa taarabu, watu wakatunza.

Nimejaribu kuiambia ile programu kwamba imekosea. Ikanipa sababu nne za kuchagua: sauti mbaya, lugha chafu, hakimiliki, sipendi wimbo huu. Nimeghairi. Nimetengeneza orodha yangu mwenyewe, Konevitsa ndiyo ya kwanza, na nimeipa jina Makelele.