Mabuyu ya Mavyaa

Mtu mzima na ndevu zake akikutwa saa mbili usiku amechuchumaa mlangoni mwa chuo cha Kurani, tochi kaiuma kwa meno, anaokota mbegu zilizotemwa na watoto, hana la kusema likaaminika. Mimi nilijaribu la kweli. Niliwaambia wazee waliokaa barazani kuwa natafuta miti yangu ya Uingereza. Mmoja akasonya. Wa pili akasema, "Mwacheni, mambo ya dawa hayo." Wa tatu, ambaye kwa bahati yangu mbaya ni ami yake mke wangu, hakusema kitu. Aliinuka polepole, akatwaa bakora yake, akashika njia ya kwa mavyaa ili habari ifike kabla yangu.

Na mavyaa ndiye aliyekuwa ameiuza hiyo miti.

Chanzo ni punda. Hapa Lamu punda ndiye lori letu. Akishateremsha mawe na saruji hufunguliwa jioni akajitafutie, na wa jirani yangu alijitafutia kwangu. Nina kishamba nyuma ya mji: minazi sita, mikunazi mitatu, na matuta ya mchicha na mabamia ambayo kwa miaka miwili sikupata kuyaonja. Nilizungusha makuti, akala makuti. Nikazungusha matawi ya mkunazi, yenye miiba ya kutosha kumzuia hata mwizi. Akasimama pale kama mtu aliyewekewa sinia la harusi, akayachuma majani moja moja kwa ule mdomo wake wa juu, taratibu, bila kujichoma hata mara moja. Aliposhiba akageuka, akajikunia makalio kwa miiba yangu, akafumba macho kwa raha.

Mimi ni fundi wa mabomba. Kuna bibi mmoja Mwingereza mwenye nyumba Shela, pampu yake humsumbua kila mwaka, na siku moja nimelala chini ya tangi lake nikawa namsimulia habari za huyu punda. Akacheka, akaniambia kwao tatizo hilo walilimaliza zamani. Kuna mti kwa Kiingereza unaitwa hawthorn. Kiswahili hauna jina, kwa hiyo nikaubatiza mhothoni papo hapo, chini ya tangi, bila shahidi. Kati ya mwaka 1750 na 1850 hivi, bunge lao lilipokuwa likipitisha sheria za kuyagawa mashamba yaliyokuwa ya wote na kuyazungushia nyua, mti uliopandwa maili kwa maili ndio huo. Miche inapangwa kwa safu, minne au mitano katika kila mita. Ikishakua unalikata shina karibu lote, unabakisha kipande kama ukanda, unaulaza mti ubavu, haufi. Unachipua upya ukisokotana na wenzake kama mkeka, na ng'ombe hapiti. Maua yake meupe hufunguka mwezi wa Mei, nayo yananuka, hapo bibi akakunja pua, kama kitu kilichokufa. Nyanya yake hakuruhusu tawi la maua hayo kuvuka kizingiti, akiamini litaleta msiba nyumbani. Kisha vinakuja vitunda vyekundu, kila kimoja na kokwa lake moja. Watu huvipika jemu, na wengine huvikausha wakavinywa kama chai kwa ajili ya moyo.

Miiba, vitunda, na habari za maiti. Nikasema huu si mgeni, huu ni mkunazi uliovaa koti. Sisi maiti tunamwosha kwa majani ya mkunazi, wao wanaogopa maua ya mhothoni kwa sababu ya maiti. Ni ndugu waliopotezana tu. (Si ndugu. Nimeshasahihishwa: mhothoni ni wa ukoo wa mawaridi na matofaa. Lakini siku hiyo nani angeniambia nikasikia?) Nilitoka chini ya tangi nimelowa maji na mapenzi.

Bibi aliporudi kutoka kwao aliniletea fuko la vitunda vikavu alivyochuma kwenye ua wake mwenyewe. Nijuavyo sasa, mbegu za nje haziingizwi nchini bila kibali, na huko New Zealand mti huo huo uliopelekwa na walowezi kuwa ua umetoroka ukawa gugu, basi msinifuate. Fuko lilikuja na masharti, na masharti ya mganga ni mepesi kuliko ya mhothoni. Kokwa lake lina usingizi wa pono. Likianguka ardhini huweza kukaa miezi 18 kabla ya kuchipua. Ukitaka kulihadaa, unaondoa nyama, unalichanganya na mchanga wenye unyevu, unaliweka mahali pa joto wiki kadhaa, kisha unaliingiza kwenye friji, nyuzi 4 au karibu na hapo, miezi mitatu na zaidi, mpaka liamini kuwa baridi ya Ulaya imekuja na imepita.

Joto, alhamdulillahi, tunalo. Baridi ndiyo ya kukopa.

Friji si yangu. Kwetu mwanamume huhamia kwa mke, na friji ya nyumba ile ni ya mavyaa, tena ni ya biashara: barafu za ukwaju, samaki, nazi zilizokunwa. Kuomba nafasi ndani yake kulinichukua muda kuliko posa. Nikamwambia ni dawa ya shamba, akanikatia pembe ya chini kabisa. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata sasa mke wangu hulitaja wageni wakija: nilitumia kopo la aiskrimu. Hakuna nyumba katika mji huu ambamo kopo la aiskrimu lina aiskrimu. Lina viazi karai, lina nyuzi na sindano, lina chochote, na kila mtu ana ruhusa ya kulifungua akaona ni nini. Mchanga nilikwenda kuuchota mwenyewe kwenye vilima vya Shela, ule mweupe laini, nikausuuza mara tatu kutoa chumvi. Makokwa yalikuwa 312. Niliyahesabu kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mita.

Sasa tazama pamoja nami ndani ya kopo. Vijimbegu vigumu vya rangi ya udongo, vimegandwa na unga mweupe wenye unyevunyevu. Katika jiko la mwanamke ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akipika na kuuza mabuyu.

Wiki ya kumi na moja ya baridi yangu ya Ulaya nilikwenda Mokowe kufunga tangi. Siku hiyo mavyaa aliishiwa ubuyu, na wateja wake ni watoto wa chuo, ambao hawakubali udhuru. Akafungua kopo. Mke wangu alikuwapo, anasema mama aliyatazama, akayanusa, akasema, "Mabuyu gani haya, mbona madogo kama yameugua?" Akajijibu mwenyewe kuwa ni ya bara. Akaweka sufuria motoni, sukari, maji, iliki, pilipili kidogo, rangi nyekundu, akaiacha sharubati ichemke mpaka ianze kushika mwiko, akamimina kopo zima na mchanga wake, akakoroga. Yalipopoa akayafunga kwa karatasi za daftari, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na karatasi zenyewe zilikuwa hesabu za mwanangu wa darasa la nne. Muuzaji akawa huyo huyo mwanangu. Shilingi kumi pakiti.

Nilirudi baada ya alasiri, nikaenda moja kwa moja kwenye friji kama kawaida yangu. Kopo lilikuwa kwenye karai, limeoshwa, limepinduliwa likauke.

"Mama, kile kilichokuwamo humu?"

"Ndoo, mwanangu, ndoo. Yeo nimekuokolea vibuyu vyako visioze," akasema kwa upole wa mtu anayengoja kushukuriwa. "Fungu lako li kikombeni."

Kikombeni mlikuwa na shilingi sitini.

Nilimpigia bibi wa Shela mkono ukitetemeka. Nilimuuliza swali moja tu: yanaua? Akauliza nani kala. Nikamwambia, chuo kizima. Kimya. Kisha akanieleza, neno kwa neno kama anayemwelekeza mtu njia: nyama ya tunda watoto wa kwao huichuma nyuani na kuila; kokwa ndani yake lina sumu kidogo, kama ile iliyomo katika mbegu za tofaa; aliyelimung'unya akalitema hana neno, aliyelimeza zima hana neno; lisitwangwe tu wala lisitafunwe. "Kuna aliyelitafuna?"

Nilimwambia nitamjulisha.

Chuoni nilimkuta ustadhi peke yake, ameshika shavu. Alikuwa amemnyang'anya mwanafunzi pakiti katikati ya Yasini, akaiweka mfukoni, na watoto walipotoka akaona si vibaya kuionja. "Mavyaa wako siku hizi anapika mabuyu ya nini?" akaniuliza kwa upande mmoja wa mdomo. "Nimesikia mchanga kwanza. Nikasema labda sukari haikuyeyuka. Halafu nikauma." Akafungua kiganja. Palikuwa na kipande cha jino la nyuma, na kando yake kokwa la mhothoni, zima, halina hata mkwaruzo. Nilijikuta nafurahi. Sikupenda, lakini nilifurahi: kwa ua wa kumzuia punda, hiyo ndiyo sifa ninayoitaka.

Watoto niliwapitia nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeumwa. Hakuna hata aliyelalamika, ila mmoja aliyetaka kujua kama kesho yatakuwapo tena, kwa sababu mabuyu ya kawaida humalizika mapema na haya alianza nayo sura moja akamaliza nayo nyingine. Wengi walikuwa wameyatema pale pale mlangoni, na ndivyo nilivyofika kwenye ile tochi na ule mchuchumao niliowaeleza mwanzo. Nilikuwa na hoja yangu. Kule kwao ndege hula vitunda, wakaziangusha mbegu mbali. Basi watoto wa chuo wamefanya kazi ya ndege. Kwamba ndege hawaanzi kwa kuzichemsha katika sharubati, hilo nililisukuma kando.

Nilipata 41. Nyumbani nilimkuta ami mtu ameshakaa kitini, ameshapewa kahawa, na mavyaa amejifunga leso kiunoni. Sitayarudia yote. Muhtasari ni kwamba friji si ya wachawi, kwamba kama nilikuwa na miti ya Kizungu ningesema ni miti ya Kizungu, na kwamba jino la ustadhi litalipwa na aliyeleta mawe nyumbani, si aliyeyapika. Shilingi sitini nazo nikazirudisha.

Yale 41 nilikwenda kuyapanda shambani, kwenye vikopo, kwa ukaidi tu. Wiki ya nne, kimoja kikatoa kijani.

Jamani. Nilikaa chini kwenye mchanga nikakitazama. Nilikinunulia wavu. Nilikinywesha maji matamu asubuhi na jioni, nilikisogeza kivulini saa sita. Majani yalipofika manne nilikipiga picha nikamtumia bibi, aliyekuwa amerudi kwao, nikaandika: mhothoni wa kwanza Lamu.

Alijibu kesho yake, kwa adabu sana. Jani la mhothoni, alisema, limekatwakatwa pembeni, kama kiganja kilichoanza kufunguliwa. Hilo la kwako ni duara. Akaniomba niligeuze nimpe picha ya upande wa chini. Nililigeuza. Upande wa chini ulikuwa mweupe kwa manyoya, na mishipa mitatu imenyooka kutoka kwenye kikonyo hadi nchani.

Sikuhitaji jibu lake la pili. Jani hilo nalijua tangu sijui kusoma. Pale mlangoni mwa chuo watoto hawatemi mabuyu tu, hutema na kunazi. Kokwa la kunazi na la mhothoni gizani, kwa tochi iliyo mdomoni, ni kitu kimoja. Kwa wiki saba nilikuwa nimeulea mkunazi, futi kumi kutoka kwenye mikunazi yangu mitatu niliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Nikautoa kwenye kopo, nikaupanda penye pengo la ua, basi angalau uzibe. Nikarudi mjini kuswali magharibi. Asubuhi wavu ulikuwa pale pale, haukuguswa, ila umeinuliwa upande mmoja kwa ustadi, na ndani yake kimebaki kijiti kisicho na jani hata moja.