Ratiba kwenye mlango wa friji

Kwenye mlango wa friji yangu hapa Kansas City, Marekani, kuna ratiba ya msimu mzima wa Kansas City Current, timu ya soka ya wanawake, imechapwa kwenye karatasi yenye sumaku nyuma. Jirani yangu, mama wa miaka sabini na ushee, ndiye aliyeniletea. Mechi 26, kila moja na siku yake, saa yake na uwanja wake, kuanzia Machi hadi Novemba. Theluji ilikuwa bado haijayeyuka nje. Nilisimama jikoni na mwiko wa ugali mkononi, nikazisoma zote hadi ya mwisho, na machozi yakanitoka.

Wiki hiyo hiyo msichana wa dada yangu alinipigia simu. Anacheza winga ya kulia katika timu moja ya huko kwetu magharibi mwa Kenya. Jina la timu naliacha. Taarifa ya mechi yao iliingia WhatsApp Alhamisi jioni. Ijumaa usiku uga ukabadilishwa. Jumamosi wakaamka saa kumi alfajiri, wakabanana kwenye matatu moja, wakafika, wakavaa jezi. Ambulensi iliyopaswa kuwepo uwanjani haikuja. Refa akatazama saa, akangoja, akatazama tena, kisha akaondoka zake.

“Mama mdogo,” akaniambia, “njumu zangu hata hazijachafuka.”

Hapo ndipo nimekwama. Sizungumzii mishahara wala taa za uwanjani. Nazungumzia siku ya mechi. Kazi yangu ni kutunza wazee, na zamu zetu hupangwa mapema. Mwaka jana niliomba ruhusa ya Jumamosi moja ya Septemba tukiwa bado Februari, na Septemba ilipofika, mechi ilikuwa pale pale. Siku ikisogezwa, tunaambiwa mapema. Sasa mama anayeuza omena pale soko la Kibuye, Kisumu, mwenye binti kikosini, afunge kibanda chake siku gani? Mwalimu ampe mchezaji ruhusa ya tarehe ipi? Mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbale akitaka kuwanunulia chakula cha mchana, akipike lini?

Najua kuna anayesoma hapa akisema, huyu alipanda ndege juzi, leo anatutolea maneno. Ndugu yangu, nilivaa jezi namba 7 misimu sita. Nimecheza Mumias mvua ikinyesha. Nimelala kwenye sakafu ya darasa kwa sababu wenyeji wetu hawakuwa na mahali pengine pa kutulaza, na asubuhi tukaambiwa mechi imeahirishwa. Sijasimuliwa haya. Nayasema kwa sababu yaliniuma, na sasa yanamuuma mtoto niliyembeba mgongoni.

Mwingine atasema Wamarekani wana dola. Wanazo. Lakini ligi ya wanawake iliwafia mikononi mara mbili: ile ya kwanza ilianza 2001 na 2003 ikafungwa, ya pili ikacheza misimu mitatu tu, 2009 hadi 2011. Hii ya sasa, NWSL, ilianza 2013 na timu nane, na mchezaji wa kima cha chini alilipwa dola 6,000 kwa msimu. Dola elfu sita! Hapa huwezi kulipa nyumba nazo mwaka mzima, na wengi wao walilala kwa familia zilizojitolea kuwapokea. Uwanja wetu wa kando ya mto Missouri, uliojengwa mahsusi kwa timu ya wanawake, ulifunguliwa Machi 2024 tu. Nauli ya kutoka Kisumu hadi Mombasa ni pesa, sikatai. Lakini kuwaambia wasichana mwezi mmoja mapema kwamba watasafiri kunagharimu shilingi ngapi?

Na tafadhali msiniambie Mwafrika hawezi. Katika msimu huo wa 2024 nilimtazama Temwa Chawinga, mzaliwa wa Rumphi, Malawi, akifunga mabao 20, rekodi ya ligi. Fainali ilichezwa hapa hapa kwetu, na bao la pekee likafungwa na Barbra Banda wa Zambia, Orlando Pride wakachukua kombe. Malawi na Zambia! Majirani wa jirani yetu Tanzania.

Sisi tunao wachezaji. Vihiga Queens walibeba kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, 2021 wakaenda Cairo kwenye Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake Afrika. Junior Starlets, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia la umri wao kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika huko, wakaifunga Mexico 2-1. Siku hiyo nilipiga vigelegele hadi jirani akaja kugonga mlango. Na mashabiki wa hapa, pamoja na viti vyao vizuri, hawajawahi kunisisimua kama ngoma ya isukuti ikilia kando ya uga wetu, wazee wakicheza mabega, watoto wamepanda juu ya miti. Ningeacha kiti changu cha hapa leo hii nikaketi kwenye nyasi za Mumias, mradi tu nijue mechi ipo.

Hicho ndicho kinachonikasirisha. Tunawaandaa vizuri tangu shuleni, Butere, Wiyeta, Archbishop Njenga, halafu wakifika ligini tunawaweka chini ya mti kungoja gari.

Hadi leo msichana wetu hajui kama mechi ile itarudiwa au pointi zitagawiwa mezani. Nimemwambia akipata tarehe anitumie saa yoyote, hata nikiwa zamu ya usiku. Nitaiandika kwa kalamu pembeni mwa hizi 26.